Kilichomo ndani ya pipa: mwongozo kamili wa kupokea, kuhesabu na kupeleka taarifa za kemikali kutoka kiwanda hadi kiwanda

Kiwanda cha mikoba ya shule pale Chang'ombe hununua kitambaa chenye plastiki juu, zipu, nembo za kubandika, uzi na gundi. Plastiki ya kitambaa imechanganywa katika kiwanda kingine Barabara ya Nyerere. Kilainishi cha plastiki hiyo, yaani kemikali inayoifanya iwe laini, kilishuka Bandari ya Dar es Salaam kikiwa kwenye mapipa, kikanunuliwa kwa jumla, kikagawanywa kwenye madumu, kikauzwa tena. Siku mnunuzi wa Ujerumani anapouliza mkoba huu una nini ndani, swali linarudi nyuma mikono mitano, na mara nyingi hukwama mkono wa pili au wa tatu. Wenye taarifa wapo. Tatizo ni kwamba kila mmoja ana fomu yake, jina lake la kemikali na kipimo chake, kwa hiyo kinachofika mbele ni barua yenye mhuri inayosema "bidhaa yetu haina kemikali hatari". Barua hiyo haina kazi yoyote.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya ofisa ubora, mtunza stoo na mwenye kiwanda cha kati. Tumetumia mfano mmoja, mkoba wa PVC, kwa sababu PVC huumbua mfumo mbovu mapema. Anayeshona nguo Mabibo, anayechanganya rangi Vingunguti au anayetengeneza samani Keko atafuata njia ileile; kitakachobadilika ni orodha ya kemikali za kuulizia.

Maswali mawili yasichanganywe

Swali la kwanza ni la mfanyakazi: nikiishika kemikali hii, nikiivuta, ikimwagika, itanifanya nini? Jibu lake liko kwenye karatasi ya taarifa za usalama, ile ambayo wauzaji wengi bado huiita MSDS ingawa jina la sasa ni SDS. Karatasi hiyo ina sehemu 16 zilizopangwa kwa mfumo wa Umoja wa Mataifa wa kuainisha hatari za kemikali na lebo zake, GHS, uliochapishwa mara ya kwanza mwaka 2003. Hapa nyumbani swali hili linasimamiwa na Sheria ya Usimamizi na Udhibiti wa Kemikali za Viwandani na Majumbani ya mwaka 2003, chini ya Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka huohuo, chini ya OSHA.

Swali la pili ni la mnunuzi: bidhaa ikishakamilika, ndani yake kumebaki nini, kiasi gani, na sehemu ipi? Hili hujibiwa na tamko la vijenzi. Kwa mnunuzi wa Ulaya msingi wake ni REACH, kanuni ya kemikali ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2006, na kwa vifaa vya umeme ni RoHS, agizo la mwaka 2011 linalozuia kemikali hatari kwenye vifaa hivyo. Hizi si sheria za Tanzania, lakini huingia kiwandani kwako kupitia mkataba wa mauzo, na aliyesaini mkataba ndiye atakayebeba hasara mzigo ukirudishwa.

Kosa tunaloliona kila mara ni kujibu swali la pili kwa karatasi ya swali la kwanza. SDS hulazimika kutaja kijenzi hatari kuanzia kiwango fulani tu: mara nyingi asilimia 1, na asilimia 0.1 kwa vile vinavyosababisha saratani. RoHS inataka kadimiamu, metali yenye sumu, isizidi asilimia 0.01. Kwa hiyo SDS inaweza kuwa sahihi kabisa, isiwe na neno kadimiamu popote, na bado bidhaa ikakataliwa.

Hatua ya kwanza: daftari la stoo, siyo la ofisini

Usianze na orodha ya manunuzi kwenye kompyuta ya mhasibu. Ingia stoo na mtunza stoo, muanze kona moja mpaka nyingine, muandike kila kilichopo, pamoja na madumu yasiyo na lebo, gundi iliyobaki ya mwaka juzi na dawa ya kusafishia moldi. Kwa kiwanda chenye vitu 60 hadi 100, watu wawili hutumia siku mbili. Kila kitu kiwe na mstari wenye mambo haya: jina ambalo mafundi hulitumia, jina la kibiashara lililo kwenye chombo, mtengenezaji, muuzaji, namba ya bechi, namba ya CAS ya kila kijenzi (namba ya kimataifa inayotambulisha kemikali moja tu), asilimia ya chini na ya juu, tarehe ya SDS, na bidhaa zinazotumia kitu hicho.

Mtengenezaji na muuzaji wawe safu mbili tofauti. Wauzaji wengi wa Kariakoo na Barabara ya Nyerere hawajatengeneza wanachouza. Jina lao kwenye lebo halikuambii mzigo umetoka wapi.

Sasa namba ya CAS, ambayo ndiyo nguzo ya kazi nzima. Majina ya kemikali hudanganya hata pale ambapo hakuna anayetaka kudanganya. Mfano mzuri ni kilainishi kinachouzwa kwa jina la DOP. Kwa herufi zake ungedhani ni namba 117-84-0. Katika biashara karibu kila mara DOP ni DEHP, namba 117-81-7, ambayo Ulaya imeibana kwa sababu huathiri uzazi. Kisha kuna DOTP, namba 6422-86-2, ambayo jina lake linatofautiana na DOP kwa herufi moja lakini ni kitu kingine, na ndicho viwanda vingi vimekihamia ili kuikwepa DEHP. Karani akikosa herufi T kwenye oda, kiwanda kimepokea mapipa ya kemikali ambayo mnunuzi ameikataza kwa maandishi. Kwa hiyo oda yoyote ya kemikali iandikwe jina na namba, na mzigo upokelewe kwa namba.

Namba yenyewe inaweza kuhakikiwa kwa kalamu. Chukua 117-81-7. Tarakimu ya mwisho ni ya uhakiki. Zilizobaki, ukianzia kulia kwenda kushoto, zidisha kwa 1, 2, 3 na kuendelea: 1×1, 8×2, 7×3, 1×4, 1×5. Jumla ni 47, inayoishia na 7, kwa hiyo namba ni halali. Mtu akiikosea akaandika 117-18-7, jumla itakuwa 40, inayoishia na 0, na kosa linaonekana papo hapo. Fahamu kwamba hesabu hii hunasa makosa ya kuandika tu. Ukiandika namba sahihi ya kemikali nyingine, itapita.

Kwenye Excel, kabla hujaandika namba hata moja, iweke safu hiyo iwe ya maandishi. Usipofanya hivyo, namba kama 75-09-2, ambayo ni dikloromethani ya kuondolea rangi na gundi, huweza kugeuzwa kuwa tarehe ya mwaka 1975, na hutajua mpaka mnunuzi akurudishie faili. Pia amua mapema: nukta ndiyo ya desimali. Wauzaji wa Ujerumani na Italia huandika 0,1 wakimaanisha 0.1, na tumeshuhudia 0,1 ikisomwa kama 1. Kipimo kiwe kimoja, asilimia ya uzito. Anayeleta ppm, yaani sehemu kwa milioni, gawanya kwa 10,000. Ppm 1,000 ni asilimia 0.1.

Hatua ya pili: soma SDS kama mkaguzi

Huna haja ya kusoma sehemu zote 16 kwa uzito sawa. Anza na sehemu ya 1: je, mtengenezaji ametajwa, na jina la bidhaa ni lilelile lililo kwenye pipa? Kisha tarehe ya marekebisho. Karatasi iliyopita miaka mitano, dai mpya. Kisha sehemu ya 3, muundo. Jumlisha asilimia. Kama vijenzi vilivyotajwa vinafika asilimia 55 na zilizobaki hazisemwi, andika swali kwa muuzaji: hizo 45 ni nini, na je, kuna chochote kilicho kwenye orodha ya kemikali za kuulizia tuliyokutumia?

Halafu linganisha sehemu ya 3 na ya 9. Hapa ndipo karatasi za kunakili hujulikana. Gundi ya viatu ambayo sehemu ya 3 inasema ina toluini asilimia 40, halafu sehemu ya 9 inasema joto lake la kushika moto ni nyuzi 60 za Selsiasi, karatasi yake imeunganishwa kutoka bidhaa mbili. Toluini peke yake hutoa mvuke unaoweza kuwaka kwenye nyuzi 4 tu. Karatasi kama hiyo isiingie kwenye faili, na gundi yenyewe isiwekwe karibu na swichi wala jiko la kuchemshia chai mpaka ukweli ujulikane.

Picha ya SDS iliyotumwa kwa WhatsApp ni sawa kwa kuanzia, lakini omba faili lenyewe. Picha hukata ukurasa wa pili, na mara nyingi ukurasa wa pili ndio wenye muundo.

Hatua ya tatu: fomu moja, na majibu manne

Usibuni fomu mpya. Dunia tayari ina fomu nyingi kupita kiasi, na ndiyo sababu kiwanda kinachouzia wateja watano hujaza madodoso matano yanayouliza jambo lilelile. Uliza mnunuzi wako mkubwa anatumia mfumo upi, kisha uulizie wasambazaji wako wote kwa mfumo huo. Kampuni za Japani hutumia chemSHERPA, uliojengwa kwa msaada wa wizara yao ya uchumi na viwanda. Sekta ya magari hutumia IMDS, ulioanza mwaka 2000. Vifaa vya umeme hufuata kiwango cha kimataifa cha IEC 62474, na wengi hupeleka data zao kwa muundo wa IPC-1752. Nguo na ngozi hufuata orodha ya ZDHC, inayozuia kemikali zisitumike hata kiwandani, bila kujali kama zinabaki kwenye nguo. Data za chemSHERPA hufuata muundo wa IEC 62474, kwa hiyo aliyejaza mmoja vizuri hataanza upya kwa mwingine.

Kama mnunuzi hana mfumo, jedwali rahisi linatosha mradi liwe na: jina na namba ya sehemu, uzito wa sehemu kwa gramu, jina la kila nyenzo ndani ya sehemu na uzito wake, jina la kemikali, namba ya CAS, asilimia ndani ya nyenzo, sababu ya kuwemo, orodha iliyotumika na tarehe ya toleo lake, na jina la anayewajibika.

Jambo ambalo fomu nyingi hulikosa ni namna ya kujibu "hapana". Neno hilo moja hubeba maana nne, nazo lazima zitenganishwe. Ya kwanza: imepimwa maabara na haikuonekana, na kiwango cha chini cha kipimo kilikuwa kadhaa. Ya pili: haikuongezwa kwa makusudi, lakini haikupimwa. Ya tatu: msambazaji wetu ndiye amesema haimo. Ya nne: hatujui. Mpe msambazaji ruhusa ya kuandika "hatujui" bila kumtishia kumnyima oda. Anayeogopa kuandika "hatujui" ataandika "haimo", na hilo ndilo jibu la hatari kuliko yote, kwa sababu litapanda mnyororo mzima likizidi kuonekana la uhakika kila linapopewa mhuri mpya.

Barua ya kuomba taarifa iwe fupi na iseme hasa kinachotakiwa. Mfano:

"Ndugu Meneja wa Mauzo, tunashukuru kwa ushirikiano wenu. Kwa kila bechi ya kitambaa cha PVC tunachonunua kwenu, tunaomba mtujazie jedwali lililoambatanishwa. Tunahitaji kujua kama safu ya plastiki ina DEHP (117-81-7), DBP (84-74-2), BBP (85-68-7) au DIBP (84-69-5), madini ya risasi au kadimiamu, na kiasi chake kwa asilimia ya uzito wa safu hiyo. Hatuhitaji mchanganyiko wenu kamili. Pale msipojua, tafadhali andikeni 'hatujui', nasi tutashirikiana kutafuta jibu. Tunaomba majibu ndani ya siku 14, na mtujulishe siku 60 kabla ya kubadilisha malighafi."

Sentensi ya "hatuhitaji mchanganyiko wenu kamili" ndiyo inayofungua mlango. Mchanganyaji wa plastiki anaishi kwa siri ya vipimo vyake na ana haki ya kuilinda. Unachohitaji ni kemikali zilizo kwenye orodha tu, siyo kilo ngapi za chaki anaweka. Akiendelea kusita, pokea kiasi kwa kiwango, kwa mfano kati ya asilimia 0.1 na 0.3, au mweke maabara katikati ambayo itaona kila kitu na kukupa wewe jibu la orodha pekee.

Hatua ya nne: hesabu

Tuuchukue mchanganyiko wa kawaida wa PVC laini: resini (plastiki ghafi) kilo 100, kilainishi 50, chaki 30, stebilaiza (ya kuzuia plastiki isiharibike kwa joto) 3, rangi 2. Jumla ni kilo 185. Kilainishi ni 50 ÷ 185, sawa na asilimia 27. Hii ndiyo namba ya kukumbuka, kwa sababu uchafu wowote uliomo ndani ya kilainishi huingia kwenye plastiki ukiwa umepungua kidogo tu. Kilainishi cha DOTP kikiwa na DEHP asilimia 1, plastiki itakuwa na asilimia 0.27. Tangu tarehe 7 Julai 2020, bidhaa kama mkoba haiwezi kuuzwa Ulaya iwapo plastiki yake iliyolainishwa ina asilimia 0.1 au zaidi ya zile kemikali nne za kwenye barua, iwe moja au jumla yake. Ukirudi nyuma, 0.1 ÷ 0.27, kilainishi chenyewe kisifikishe hata asilimia 0.37 ya DEHP.

Hesabu ifanywe kwenye safu ya plastiki. Ukichanganya uzito wa plastiki na wa kitambaa kilicho chini yake unapata namba nzuri lakini ya uongo.

Kosa kubwa zaidi ni kugawanya kwa uzito wa bidhaa nzima. Mkoba una gramu 540. Kitelezi cha zipu cha shaba njano kina gramu 5, na shaba ya aina inayochongeka kirahisi huwa na risasi hadi karibu asilimia 3, yaani gramu 0.15. Ukigawanya kwa 540 unapata asilimia 0.028, chini ya kikomo cha 0.1 ambacho juu yake REACH inataka kemikali itajwe, ukafurahi. Tarehe 10 Septemba 2015 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba kitu kilichokuwa bidhaa kabla ya kuunganishwa kinabaki bidhaa hata kikiwa ndani ya kingine. Kitelezi huhesabiwa chenyewe: asilimia 3, mara 30 ya kikomo. Risasi imo kwenye orodha ya REACH ya kemikali za kutia wasiwasi mkubwa tangu Juni 2018, kwa hiyo lazima itajwe. Na kwa kitu ambacho mtoto anaweza kukitia mdomoni kuna kikomo kingine kikali zaidi cha risasi. Kwa mkoba wa shule, badilisha kitelezi.

RoHS huenda ndani zaidi: huhesabu kila nyenzo isiyoweza kutenganishwa kwa mkono au kwa kukata, kusaga na kukwangua. Waya wa umeme una shaba yake, plastiki ya ndani, plastiki ya nje na wino wa maandishi, na kila kimoja kina asilimia zake.

Rangi nazo ziangaliwe kwa jicho kali. Njano iliyokolea na nyekundu ya machungwa ya bei nafuu mara nyingi ni kromati ya risasi, namba 1344-37-2 na 12656-85-8. Stebilaiza za zamani za PVC pia ni za risasi. Ukiweza, hamia za kalsiamu na zinki, na uandike hivyo kwenye oda.

Hatua ya tano: pale mnyororo unapokatika kweli

Karatasi zote zikikaa sawa, kazi inaweza kuharibiwa na pampu moja. Pipa la lita 200 lililokuwa na DOP, likamwagwa bila kukaushwa, huweza kubaki na lita moja au zaidi chini na kwenye kuta. Jaza DOTP safi juu yake. Kwa hesabu ya hapo juu, kikomo cha asilimia 0.37 cha pipa la lita 200 ni mililita 740. Chupa moja na nusu za maji za nusu lita zinafika kiasi hicho, na mchanganyiko wote umekwisha kuharibika bila mtu yeyote kuona rangi wala harufu tofauti.

Vivyo hivyo plastiki chakavu ya kusaga. Ukichukua mabaki ya bechi za zamani zenye DEHP asilimia 27 ukayarudisha kwenye mchanganyiko mpya, gramu 93 ndani ya kilo 25 zinatosha kukufikisha kwenye kikomo. Hiyo ni konzi mbili. Mafundi hurudisha mabaki kwa nia njema, wanaokoa malighafi, kwa hiyo usiwagombeze. Wape mapipa mawili ya rangi tofauti. Mabaki ya mchanganyiko wa kuuza nje yaende pipa moja, mengine yote pipa jingine, na mashine ya kusaga ipitishiwe mabaki safi kwanza kila shifti, kabla ya mengine.

Kwa hiyo sheria za stoo ni hizi. Kilainishi kisihamishwe kwenye pipa lililotumika, hata likiwa limeoshwa, ila kama lilikuwa na kitu chenye namba ileile. Kila kilainishi kiwe na pampu na mpira wake, wenye utepe wa rangi moja. Kinapogawanywa kwenye dumu, lebo ihamishwe pamoja nacho siku hiyohiyo: jina, namba ya CAS, bechi ya pipa mama, tarehe, na alama za hatari. Lebo iandikwe Kiswahili kinachosomeka na mpakuaji. Jua na mafuta hufuta kalamu ya kawaida ndani ya wiki chache, na unyevunyevu wa masika hubandua karatasi. Funga lebo ya plastiki kwa waya kwenye mkono wa dumu. Na kiyeyushi, kemikali ya kuyeyushia gundi au rangi, kisiwekwe kwenye chupa ya maji ya kunywa kwa sababu yoyote ile, hata kwa dakika tano. Watu wameungua koo kwa kosa hili.

Hatua ya sita: pima kidogo, pima penye shaka

Kupima kila kitu ni kupoteza fedha. Pima kilainishi kipya cha msambazaji mpya, rangi za njano na nyekundu, sehemu za metali, na chochote kilichojibiwa "hatujui". Kifaa cha mkononi cha miale ya eksirei hutoa jibu la risasi, kadimiamu na zebaki kwa dakika chache, lakini huona elementi tu. Hakiwezi kuona DEHP, na kikikuonyesha kromiamu hakitakuambia kama ni ile aina yenye sumu. Vilainishi vinahitaji maabara yenye GC-MS, mashine inayotenganisha kemikali na kuitambua kila moja.

Maabara ikikushauri kuchanganya sampuli tatu ili kupunguza gharama, fikiri kwanza. Moja ikiwa na asilimia 0.25 na mbili zikiwa safi, jibu litasoma 0.083, na utapewa cheti kizuri cha bidhaa mbaya. Ukikubali kuchanganya, gawanya kikomo kwa idadi ya sampuli. Kila sampuli iandikwe bechi. Ripoti isiyo na namba ya bechi ni ya sampuli, siyo ya mzigo wako.

Hatua ya saba: kupeleka mbele na kutunza

Tamko unalompa mnunuzi litaje toleo la orodha. Orodha ya REACH ilianza na kemikali 15 mwezi Oktoba 2008 na sasa imepita 200. Kwa kawaida huongezwa mara mbili kwa mwaka, karibu na Januari na Juni. Tamko lisilo na tarehe ya orodha huzeeka bila mtu kujua. Weka kwenye kalenda siku mbili kwa mwaka za kulinganisha namba zako za CAS na nyongeza mpya. Ukiwa na daftari la hatua ya kwanza, kazi hiyo huchukua asubuhi moja.

Mteja wa kawaida wa Ulaya akimuuliza muuzaji wake kuhusu kemikali hizo, muuzaji ana siku 45 za kumjibu bure. Ndiyo sababu mnunuzi wako anakuwa na haraka. Tangu tarehe 5 Januari 2021 anatakiwa pia kusajili bidhaa zenye kemikali hizo kwenye hifadhidata ya SCIP. Anayesajili ni yeye aliye Ulaya, siyo wewe wa Dar es Salaam, lakini hawezi bila jina la sehemu, kemikali, kiwango na nyenzo kutoka kwako. Mpelekee hivyo vinne pamoja na ankara, usisubiri aulize.

Faili zitunzwe miaka 10 baada ya mzigo wa mwisho, nakala moja nje ya kiwanda. Mafuriko ya Dar es Salaam yamemeza makabati mengi ya ofisi za chini. Jina la faili liwe na msambazaji, bidhaa, bechi na tarehe ikianza na mwaka, ili zijipange zenyewe.

Kila miezi mitatu fanya jaribio. Chukua mkoba mmoja kutoka kwenye katoni iliyo tayari kusafirishwa, mpe ofisa ubora saa mbili, na umwambie alete: bechi ya kitambaa, pipa la kilainishi lililotumika, SDS yake, jibu la msambazaji na hesabu ya asilimia. Andika ni wapi alikwama. Akikwama kwenye dumu lisilo na lebo, rudi hatua ya tano. Akikwama kwa msambazaji ambaye hajajibu, mpigie simu siku hiyo, na bechi hiyo isipakiwe mpaka jibu lipatikane.